Jinsi Nilivyolinyima Bwawa Chakula

Miezi minne baada ya harusi yetu, mume wangu alianza kuchimba shimo nyuma ya nyumba, na majirani wetu wa Mlabani, mtaa wa Ifakara, wakaanza kuuliza nani amekufa.

Hakuna aliyekufa. Mume wangu alikuwa seremala wa misheni, na wiki chache kabla alikuwa ametumwa Morogoro kutengeneza vitanda vya shule. Huko aliona mabwawa ya samaki. Wanaume wengine wakisafiri huwaletea wake zao kanga. Wangu aliniletea wazo. Alishuka kwenye lori akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na kabla hajanawa akaniambia, "Tutafuga samaki."

"Kama kuku?" nikamuuliza.

"Kama kuku. Ila hawawiki."

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, na mimi nilikuwa msichana wa milimani. Nilizaliwa upande wa Mahenge, ambako vijito ni safi kiasi kwamba sindano ikidondoka unaiona ikimetameta chini. Niliteremka bondeni kufundisha shule ya msingi ya wasichana, nikamkuta huyo seremala akitengeneza ubao wa darasa langu, akautengeneza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na mambo mengine yakafuata. Kitu pekee ambacho sikukizoea Ifakara ni maji. Yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Nilichuja, nilichemsha, nilichuja tena. Mume wangu alisema ningeweza ningeyafua na kuyaanika.

Mtu aliyeumizwa zaidi na lile shimo alikuwa baba mkwe wangu. Yeye alikuwa mvuvi wa mto Kilombero tangu utoto wake. Alikuwa na mtumbwi aliouchonga mwenyewe, na mikono yenye makovu ya miiba ya samaki aitwaye kitoga. Alikuja siku ya tatu ya uchimbaji, akasimama ukingoni, akatazama chini, kisha akaelekeza kidole upande wa mto.

"Mwanangu," akamwambia mume wangu, "mto uko pale. Mungu ameshachimba."

"Baba, hawa watakuwa karibu na nyumba."

"Na ukitaka kuwala utawapigia mluzi?"

Mimi nilikuwa nimepiga magoti pembeni, macho chini, kama ilivyonipasa mbele ya baba mkwe. Kwa desturi tuliyoishika, mkwe wa kike hakukaa mkeka mmoja na baba wa mumewe, hakumpa kitu mkono kwa mkono, wala hakumkatiza maneno. Nilimwamkia shikamoo asubuhi na jioni, naye akaitikia marahaba akitazama mti. Tulikuwa tunaheshimiana sana na hatujuani hata kidogo.

Bwawa likaisha. Mume wangu alivuta mfereji kutoka kwenye kijito kilichomwagilia majaruba ya mpunga, na kwa siku mbili maji yakajaa. Yalipotulia, udongo ukazama chini, na mimi nikapata kitu nilichokuwa nikikitamani tangu niteremke milimani: maji safi. Nilikwenda kuyatazama asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule. Niliona mizizi iliyokatwa chini kabisa. Niliona uso wangu.

Kisha akaja Bwana Samaki. Ndivyo watu walivyomwita yule mtumishi wa serikali aliyeshughulika na mabwawa, kama walivyomwita mwenzake Bwana Shamba. Alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, mpole, mwenye kofia ya nguo na baiskeli iliyolia kila sehemu isipokuwa kengele. Nyuma ya baiskeli alifunga debe lililofunikwa kwa majani ya mgomba, na ndani ya debe walikuwamo vifaranga wa perege, wadogo kama punje za maharage. Aliwamwaga taratibu, akawaombea maisha marefu, akazungumza na mume wangu kuhusu mbolea.

Hapo ndipo kosa lilipoanza, na kosa ni langu. Mume wangu alikuja kuniambia kwamba kila wiki tunapaswa kutia samadi ya mbuzi bwawani.

"Samadi," nikasema.

"Samadi kidogo."

"Kinyesi cha mbuzi. Kwenye maji yale."

"Mke wangu, ndivyo alivyosema."

"Basi akatie kwenye maji ya kwao."

Mume wangu hakupenda ugomvi. Alirudi kwenye randa yake, na bwawa likabaki mikononi mwangu. Nililitunza kama madhabahu. Jani likianguka nalitoa. Bata wa jirani akikaribia namfukuza na fagio. Na kila ilipoonekana dalili ya ule utando wa kijani unaopenda kushika ukingo wa maji yaliyotuama, nilichukua kipande cha chandarua chakavu, nikakifunga kwenye mti uliopinda, nikauvua wote na kuutupa migombani. Migomba ile ilinawiri ajabu, lakini mimi sikujiuliza kwa nini. Mtu akiwa na kiburi hata ushahidi wa migomba haumtoshi.

Miezi mitatu ikapita. Nilikuwa nikiwaona samaki wangu vizuri sana, maana maji yalikuwa kama kioo. Na nilichokiona ni kwamba hawakui. Walikuwa wamefika urefu wa kidole cha mtoto na kuishia hapo. Vichwa vikubwa, migongo myembamba. Niliwatupia pumba mara mojamoja wakazigombania kama mahabusu.

Baba mkwe alipita siku moja akitoka mtoni na kambale wawili mabegani, mikia yao ikigusa kiuno chake. Akasimama, akachungulia.

"Hawa ni samaki au ni mbegu?" akauliza.

Mume wangu alikohoa.

"Mimi nauliza tu," akasema baba mkwe, akaondoka, na mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko mpaka alipokata kona.

Wiki ileile Bwana Samaki akarudi kukagua. Alikuja jioni, na kwa bahati mbaya baba mkwe naye alikuwapo, amekaa kwenye kigogo akitengeneza mtego. Bwana Samaki hakutazama samaki. Alikunja mkono wa shati mpaka begani, akapiga goti, akatumbukiza mkono bwawani mpaka kwenye kiwiko, vidole vimenyooka.

"Mwalimu," akaniambia, "unaviona vidole vyangu?"

"Naviona," nikasema kwa fahari. "Mpaka kucha."

"Basi samaki wako wamefunga. Tena si Kwaresima, maana Kwaresima ina mwisho."

Baba mkwe akaacha kusuka mtego. Nilihisi masikio yangu yakiwaka moto.

Bwana Samaki akajifuta mkono na akanieleza bila kunicheka, na kwa hilo nilimsamehe mapema. Perege, alisema, hali maji. Anakula ule ukijani ulioko ndani ya maji, mwingine mdogo hata hauonekani kwa macho mpaka uwe mwingi. Kwao pwani kitu hicho huitwa mwani, na kuna mwani mkubwa wa baharini kama majani, na kuna huu mdogo wa mabwawani, lakini tabia yake ni moja. Unataka jua, na unataka chakula kilichoyeyuka majini.

"Mwani nao unakula?" nikauliza. Nilisahau kwamba baba mkwe yupo.

"Unakula sana. Kwetu kuna mahali mto unapoingia baharini, umebeba udongo wa mashamba. Pale mwani ni mzito, wa kijani kibichi, ukiushika unateleza mkononi. Nenda mbele kwenye miamba ya mbali, ambako maji ni maangavu ya kupendeza macho. Jua ni lilelile, mawe ni yaleyale, lakini mwani umepauka, mfupi, kama mtoto aliyeachishwa ziwa mapema. Hauna kasoro. Una njaa."

Akatazama chandarua changu kilichoegemezwa mgombani.

"Na hicho ni cha nini?"

"Cha kuondolea uchafu," nikasema.

"Aa," akasema. Aliposema hivyo tu, sikuhitaji maelezo zaidi.

Lakini mimi ni mbishi. Nilifundishwa na masista kwamba jambo la kuambiwa ni jambo la kuambiwa, na jambo la kuona ni jambo la kuona. Siku iliyofuata nilikwenda hospitali ya misheni nikaomba chupa kubwa tupu za dawa, nyeupe, tano. Nikazisafisha, nikazijaza maji ya bwawa, na kila chupa nikaitilia kiasi kidogo cha ule utando wa kijani niliokwangua ukingoni. Ya kwanza sikuitia kitu kingine. Ya pili nikaitia kijiko cha jivu la jikoni. Ya tatu, maji niliyolowekea samadi ya mbuzi. Ya nne, samadi pamoja na jivu. Ya tano nikaitia sawasawa na ya nne, ila nikaificha gizani, ndani ya sanduku la nguo, ili nijue kama jua lina kazi au ni maneno tu. Zile nne za kwanza nikazipanga dirishani, penye jua.

Mume wangu aliziona, akauliza kama tunafungua duka la dawa.

Siku nne hakukutokea kitu. Siku ya tano chupa yenye samadi ikaanza kuwa na rangi, kama mtu amedondosha humo tone la mchuzi wa kisamvu. Kufikia siku ya kumi, ile ya nne, ya samadi na jivu, ilikuwa kijani nene kiasi kwamba niliweka kidole nyuma yake sikukiona. Saa sita mchana, jua likiipiga, vipovu vidogo vilipanda humo mfululizo, vingine vikishika ukutani mwa chupa na kung'aa. Niliketi kuvitazama mpaka ugali ukaungua. Ule mwani ulikuwa unafanya kazi. Ulikuwa unapumua mbele ya macho yangu.

Ile ya jivu peke yake ilikuwa na nafuu kidogo tu, na rangi yake ilikuwa ya njano njano. Na ile ya kwanza, maji yangu safi niliyoyapenda, ilikuwa na nyuzi nyembamba chini, zimefifia, zimelala kama wagonjwa wa wodini. Niliitazama nikawakumbuka perege wangu wenye vichwa vikubwa.

Nikachukua kijiko kimoja cha maji ya samadi nikaitia chupa hiyo. Siku nne tu. Zile nyuzi zilizolala zikainuka, zikawa za kijani, zikaanza kutoa vipovu. Hapo ndipo nilipoamini. Hapakuwa na kitu kilichokufa mle. Kilikuwa kinasubiri.

Chupa ya tano niliisahau. Tuliikumbuka Jumapili, kanisani, katikati ya mahubiri, mume wangu alipokuwa amevaa suti yake ya harusi iliyotoka kwenye lile sanduku. Kizibo kilikuwa kimelegea. Kilichokuwamo hakikuwa kijani hata kidogo. Kilikuwa cheusi, kimeoza, na kilikuwa kimeingia kwenye kola. Watu wa benchi letu wakaanza kusogea mmoja mmoja, mpaka tukabaki wawili, tumenyooka kama watu wenye uwezo wa kukodi benchi zima. Mume wangu akaninong'oneza, "Sasa umejua kama jua lina kazi?"

"Nimejua," nikasema.

Baada ya hapo nikageuka mtu mwingine. Nikishika jambo, nalishika kwa mikono miwili. Nilikusanya samadi kwa jirani mwenye mbuzi, nikakusanya ya kuku, nikakusanya jivu kwa kina mama wote wa mtaa. Mume wangu akajenga kizimba kidogo cha fito kwenye pembe ya bwawa, kama Bwana Samaki alivyoagiza, tukajaza humo majani na samadi vichachuke taratibu. Katika wiki mbili maji yangu ya kioo yakawa kijani kama jani changa la mpunga. Na samaki, ambao sasa sikuwaona, nilianza kuwasikia. Jioni walikuwa wakipiga maji, pwaa, pwaa. Tulipovua mmoja kwa kumjaribu, alikuwa amejaza kiganja.

Yaani, ningeishia hapo ningekuwa na hekima. Lakini nikawaza: kama ndoo moja kwa wiki imefanya haya, je, tatu? Sikumwuliza mtu. Niliongeza ndoo ya pili, kisha ya tatu, na nyingine nikazimwaga moja kwa moja katikati. Maji yakawa mazito. Juu yake pakatanda kitu kama rangi ya ukutani. Majirani walipita wameziba pua, nami nikawaambia ni afya.

Masika yakaanza. Kwa siku tatu mfululizo hatukuona jua, mawingu yamekalia bonde kama kifuniko cha chungu, mvua yenyewe ikinyunya tu bila kuamua.

Asubuhi ya siku ya nne, kuku ndio kwanza wanashuka, tukasikia sauti ya baba mkwe uani. Hakubisha hodi ya kawaida. Alipiga mlango kwa upondo wake wa mtumbwi.

"Amkeni! Samaki wenu wako juu!"

Tulitoka mbio. Bwawa zima lilikuwa limejaa midomo. Mamia ya midomo midogo imetoka juu ya maji, inafunguka na kufungika, imeelekea mbinguni kama waumini wanaosubiri Komunyo. Kando ya ukingo wengine walikuwa wameshageuza matumbo. Nilisimama nimeshika mdomo wangu mwenyewe.

"Wamelewa?" mume wangu akauliza.

"Wanakosa pumzi," akasema baba mkwe. Alikuwa ameshavua shati. "Nimeyaona haya kwenye madimbwi ya kando ya mto, mafuriko yakiondoka na majani yakaozea humo. Fungua mfereji, maji mapya yaingie. Yote! Harakisha!"

Mume wangu akakimbilia mfereji na jembe. Baba mkwe akaingia bwawani mpaka kiunoni na kuanza kuyapiga maji kwa upondo, kulia na kushoto, akiyarusha juu yavunjike hewani. Alikuwa mtu mzima, mbavu zinahesabika, na alipiga kama kijana anayetwanga. Kisha akageuka akanitazama, mara ya kwanza tangu niolewe akanitazama usoni.

"Mwalimu, unasimama nini? Ingia!"

Nilisita. Kuingia maji mamoja na baba mkwe, nguo zikilowana! Kama mzee wa Mahenge angepita pale angeugua.

"Samaki hawajui ukwe," akasema. "Ingia!"

Nikafunga kanga vizuri, nikaingia. Chini kulikuwa na tope laini na joto, kazi ya ndoo zangu tatu. Nilichukua sufuria nikawa nachota maji na kuyamwaga kutoka juu kadiri mkono ulivyofika, chota, mwaga, chota, mwaga. Kina mama wawili wa jirani wakaja na ndoo zao. Hakuna aliyesema kitu kuhusu harufu. Tulikuwa tunapiga maji kama watu waliorukwa na akili, na maji mapya ya kijito yalikuwa yakiingia kwa mlio mzuri kuliko wote niliopata kuusikia.

Sijui tulipiga kwa muda gani. Najua kwamba mikono yangu ilikuwa haina hisia wakati mawingu yalipopasuka upande wa milima ya Udzungwa na jua likatoka, hafifu kwanza, kisha la kweli. Midomo ikaanza kupungua. Mmoja mmoja samaki wakazama, wakaenda zao, kama watu wanaotoka kanisani bila kuaga. Tuliokota waliokufa, wakajaza debe moja na nusu. Nililia, na sikujificha.

Baba mkwe alitoka akitetemeka. Nilimletea chai, nikaiweka chini mbali naye, kama desturi. Akaitazama ile chai, akanitazama mimi niliyechafuka tope mpaka shingoni.

"Nipe mkononi," akasema. "Nimechoka kuinama."

Nikampa mkononi. Nikakaa ukingo wa mkeka alioukalia, kwa sababu miguu ilikataa kwenda kwingine. Mume wangu alikuja na jembe, akatuona, akaenda kutafuta kazi nyingine.

"Ulilisha sana," baba mkwe akaniambia.

"Nililisha sana, baba."

"Kwanza ukanyima, kisha ukalisha sana. Wewe ukizaa nitakuwa nakuja kutazama mtoto kila siku." Kisha akacheka, nami nikacheka, kicheko cha watu wenye meno yanayogongana kwa baridi.

Bwana Samaki alipokuja alinieleza upande ambao chupa zangu hazikunionyesha. Vile vipovu nilivyovipenda ni hewa ambayo mwani hutoa kukiwa na jua, na samaki huipumua. Jua likizama, mwani huacha kutoa na wenyewe huanza kuivuta hewa ileile. Ukiwa wa kiasi, asubuhi hufika kabla hewa haijaisha. Ukiwa mwingi mno, na samadi inaoza chini, na mawingu yakazuia jua siku tatu, basi alfajiri hakuna kilichobaki.

"Kwa hiyo niliwaua kwa ukarimu," nikasema.

"Nusu uliwaua," akasema. "Nusu mliwaokoa. Mimi nimewaona watu waliopoteza wote."

Akatupa kanuni ambayo hata mtu asiyejua kusoma angeifuata. Kila asubuhi tumbukiza mkono. Vidole vikipotea maji yakifika katikati ya kifundo cha mkono na kiwiko, pana heri, usiguse kitu. Vikionekana mpaka kiwiko, ongeza samadi kidogo. Vikipotea mara tu kiganja kinapozama, acha kabisa na fungua mfereji. Baba mkwe alisikiliza kwa makini, kisha akatangaza kwamba mkono wangu ni mfupi na hauaminiki, na kwamba kazi hiyo ataifanya yeye. Na akaifanya. Kila asubuhi akielekea mtoni alipita, akapiga goti, akatumbukiza mkono, akatoa hukumu kwa sauti ambayo mtaa wote uliisikia: "Leo wasipewe!" au "Leo nusu ndoo, mwalimu, nusu, nimesema nusu!"

Tulivua kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka, siku chache kabla ya Noeli. Tulipunguza maji, mume wangu na baba yake wakaburuta wavu kutoka pembe hadi pembe. Perege walikuwa wanene, wenye migongo myeusi inayong'aa, wengine wapana kuliko sahani. Tulipika kwa nazi iliyoletwa na Bwana Samaki kutoka kwao na wali mpya wa bondeni. Baba mkwe alikula wa kwanza bila kusema neno, akala wa pili, akanyonya mifupa ya kichwa.

"Ana ladha ya samaki," akasema hatimaye, na kwa mvuvi wa Kilombero kuhusu samaki wa shimoni, hiyo ilikuwa sifa ya kuandikwa.

Habari zikasambaa. Mwaka uliofuata Bwana Samaki aliniomba niende naye kijiji cha Namawala siku ya mapumziko, kuwaonyesha kina mama waliotaka kuchimba bwawa. Nilipanda nyuma ya baiskeli ya mume wangu, nimekumbatia kikapu chenye chupa nne mpya zilizofungwa majani makavu zisivunjike. Tuliketi kivulini kwenye kibanda cha kulindia ndege, majaruba yamezunguka pande zote. Niliwapitishia chupa mikononi. Waliiona iliyopauka, waliiona ya kijani kibichi, nikaeleza kwamba zote nne zilianza na mwani uleule na tofauti ni chakula.

Mwanamke mmoja wa makamo aliishika ile ya jivu peke yake, ya njano njano, kwa muda mrefu. Akaigeuza kwenye mwanga.

"Mwalimu," akasema, "mpunga wangu wa upande ule una rangi hii hii. Watu wamesema nimerogwa. Je, hauna njaa tu?"

Mimi nilijua mwani wa chupa. Shamba lilikuwa kitu kingine. Nilimwangalia Bwana Samaki, naye akamwangalia yule mama kama mtu aliyeonyeshwa mlango nyumbani kwake ambao hakuwahi kuuona.

"Twende tukauone," akasema.

Tukatoka wote, kina mama, watoto migongoni, mume wangu akisukuma baiskeli, tukapita juu ya matuta membamba mpaka kwenye jaruba lake. Upande mmoja mpunga ulikuwa kijani. Upande mwingine, kwenye udongo wa mchanga mchanga, ulikuwa mfupi na umepauka, ncha za majani zimeanza kukauka. Yule mama akavua kandambili, akashuka ndani, akang'oa mche mmoja wa upande huu na mmoja wa upande ule, akaiweka juu ya tuta, sambamba na chupa zangu mbili tulizokuja nazo, ya kijani na ya njano njano.

Kisha yule mama akamwita mwanawe wa kike mkubwa na kumwambia aende nyumbani akachukue ndoo, na apite kwanza zizi la mbuzi.

"Nusu ndoo!" nikamkimbilia kumwambia. "Anza na nusu!"